Kitope Salama

Ipo nchi inaitwa Bashiria, na msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Wachora ramani wake walitabiriwa kumaliza kazi siku nyingi zilizopita, wakapewa medali zao, na baada ya hapo hakuna aliyeona haja ya kuichora. Ni nchi nzuri, yenye amani, na anayesema vinginevyo huwa hasemi mara ya pili.

Jambo moja tu linaitofautisha na nchi nyingine. Kwingine watu hufanya kazi kwanza, kisha hutazama wamepata nini. Bashiria waliona huko ni kupoteza wakati. Wao hutabiri kwanza kitakachopatikana, wakakitangaza redioni, wakakichezea ngoma na kugawiana vyeo kwa ajili yake. Kazi yenyewe huachiwa watu wa chini waifuate nyuma kadiri ya nguvu zao. Sikukuu ya mavuno husherehekewa kabla ya kupanda. Mwaka mmoja mvua zilipokatika na watu wakala mizizi, gazeti la serikali liliandika kwamba mavuno yalikuwa mazuri mno, isipokuwa wananchi walizembea kuyaona.

Kazi hiyo ya kutabiri ilikuwa na wizara yake, Wizara ya Tija Tarajiwa, na ndani ya wizara hiyo alikuwemo mwanamke mmoja aitwaye Sikudhani. Jina alipewa na bibi yake, na kazi ya kudhani alipewa na serikali. Cheo chake kilikuwa Mtabiri Mwandamizi wa Timu Zilizotawanyika. Alikaa mezani amevaa vipaza sauti vya masikioni, akizisikiliza timu za waandishi wa programu zilizosambaa nchi nzima, kisha akasema ipi itamaliza lini. Kwa bahati mbaya yake, aliijua kazi.

Wakati huo nchi ilikuwa inatengeneza Mfumo wa Mlinzi Maji. Kule juu mlimani kulikuwa na bwawa la Ngomeni, na chini yake bonde la Kitope, lenye mashamba ya mpunga na vijiji vilivyopangana kando ya mto. Tangu zamani bwawa lililindwa na wazee wawili watatu waliotazama maji kwa macho, wakazungusha magurudumu ya milango kwa mikono, na kabla ya kufungulia walipiga simu bondeni kuwaambia watu wahamishe mbuzi. Serikali iliona aibu. Sasa programu ingefungua na kufunga milango yenyewe, na kabla ya kufungua ingepiga king'ora kule chini, bonde zima lisikie.

Nchi nyingine wangewaweka waandishi wote katika jengo moja. Bashiria mradi mkubwa ni nyama ya sadaka, kila mwenye nguvu anataka kipande kifike mlangoni kwake. Kwa hiyo programu ya milango iliandikiwa Ngomeni, kwa kuwa Makamu wa Rais alizaliwa huko. Programu ya king'ora iliandikiwa Kitope, kwa kuwa Spika alioa huko. Kuviunganisha vipande kulibaki Mji Mkuu, kwa kuwa ndiko kwenye viyoyozi. Watu wa timu hizo hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Walikutana kila asubuhi kwa mtandao, sauti tupu, na walipokutana walisalimiana.

Sasa salamu za Bashiria si jambo la kupita nalo mbiombio. Mtu wa huko hasemi habari mbaya anapoulizwa mara ya kwanza. Huo ni ukosefu wa adabu, ni sawa na kummwagia mgeni maji kabla hajaketi. Hata anayeunguliwa na nyumba atasema salama kwanza, maana umemuuliza yeye, hujaiuliza nyumba. Habari yenyewe huja baadaye, muulizaji akishaonyesha kwamba hana haraka, na huja nyuma ya neno *ila*.

"Ngomeni, mmeamkaje?" angeuliza Mbaruku, kijana aliyeongoza timu ya Kitope.

"Tumeamka salama," angejibu Tunu, mama mwenye sauti nzito, mkuu wa Ngomeni.

"Habari za huko?"

"Nzuri."

"Na baridi?"

"Tumeizoea."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

"Na kazi?"

"Kazi nzuri, inakwenda vizuri kabisa. Ila kaka, ule mlango wa tatu. Jana tumeuamuru ufunge, ukafunga, halafu ukafunguka wenyewe."

Hapo ndipo kazi ya siku ilipoanza. Waliachia salamu, wakalishika lile tatizo la mlango wakaligeuzageuza mpaka mchana. Sikudhani, huku Mji Mkuu, alisikiliza yote, na baada ya miaka mingi ya kusikiliza aligundua jambo ambalo halikuwemo katika kitabu chochote cha wizara: timu zenye salamu ndefu humaliza kazi, na zenye salamu fupi huficha maiti. Kwa hiyo hakuhesabu mistari ya programu wala saa za kukaa kitini. Alisubiri *ila*. Ikija, aliandika kwamba kazi inakwenda. Isipokuja, aliongeza miezi. Utabiri wake haukukosea, na jambo hilo lilimchukiza kila mtu, maana utabiri usiokosea ni nadra kufurahisha.

Mbaruku alikuwa mdogo wake. Mama yao alifariki mtoto hajaacha ziwa, na Sikudhani alimbeba mgongoni kila alipokwenda, hata darasani, mwalimu akazoea kufundisha wawili. Sasa kijana alikuwa na ndevu na bado dada alimsikiliza kila asubuhi kwa vile vipaza sauti, akijua kwa sauti tu kama amekula au hajala.

*

Waziri wa Tija Tarajiwa alikuwa Mheshimiwa Dakta Hamdumu Kilindo, na udaktari wake ulikuwa wa kutabiriwa kama vitu vingine. Siku moja alirudi kutoka mkutano wa ng'ambo na suti mpya na wazo jipya, akawaita watumishi wote ukumbini.

"Ndugu watabiri!" alianza, na watu wakapiga makofi, kwa sababu makofi nayo yalikuwa yametabiriwa. "Nimekaa na kuzisikiliza timu zetu zinavyosalimiana. Nimehuzunika. Nimemsikia mtumishi wa umma, mtu mzima, mwenye mshahara, akiuliza habari za mbuzi! Nawauliza: mbuzi huyo ameajiriwa na idara gani?"

Ukumbi ulicheka sana.

"Nchi zilizoendelea hazisalimiani. Ndiyo maana zimefika, sisi bado tunaulizana mmeamkaje. Kuanzia leo salamu ni swali moja na jibu moja. Na ili tusiwachoshe wataalamu wetu, hata hilo jibu litatolewa kwa niaba yao."

Akafunua kitambaa. Chini yake kulikuwa na kisanduku cheupe chenye taa ya kijani, kinaitwa Kiitikio. Kila kituo kingewekewa kimoja juu ya mlingoti mrefu wa chuma, na paneli yake ya jua, kisihitaji umeme wa mtu wala mtu mwenyewe. Kila asubuhi Mji Mkuu ungetuma *Habari?* na Kiitikio kingejibu *Salama*. Timu isingejua hata kama imeulizwa. Maswali mengine yoyote kati ya kituo na kituo yangehesabiwa kuwa kelele, na kelele zingekatwa kwenye tija tarajiwa ya kituo kilichouliza.

"Mantiki ni nyepesi," alisema Waziri. "Timu inayouliza haijui. Timu isiyouliza inajua. Na timu inayojua, ndugu zangu, imemaliza."

Watu walisimama kushangilia. Mmoja tu alinyoosha mkono, naye ni Sikudhani.

"Mheshimiwa, na ila itapita wapi?"

"Ila ipi?"

"Ile ya mwisho wa salamu."

Waziri alimtazama Mkurugenzi Feruzi, bosi wa Sikudhani, na Feruzi akatazama viatu vyake.

"Mama," Waziri alisema kwa upole, "katika mfumo wetu hakuna ila."

*

Mkurugenzi Feruzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti laini, na kabla ya Waraka wa Salamu Fupi hakuwahi kupita mlangoni kwa Sikudhani bila kumuuliza habari za goti lake. Jioni ile alimwita, akafunga mlango.

"Umeandika kwamba Kitope hawatamaliza kabla ya sikukuu, Siku ya Mwono Mbali."

"Hawatamaliza. Hawajajaribu kuunganisha king'ora na milango hata mara moja. Wanahitaji kuongea na Ngomeni, na sasa mmewakataza."

"Hilo mimi silijui. Ninalolijua ni kwamba timu yenye utabiri mdogo itapelekwa Kambi ya Kukaza Tija, kule jangwani." Alishusha sauti. "Mdogo wako yuko Kitope, au nimekosea?"

Kambi hiyo Sikudhani alikwisha kuisikia. Hakuna aliyewahi kurudi kutoka huko kulalamika, jambo ambalo serikali ililichukua kuwa ushahidi wa huduma bora. Akilini alimwona Mbaruku kwenye mchanga, na kile kifua chake kibovu tangu utotoni. Alichukua kalamu, akafuta alichokiandika, na badala yake akaandika kwamba Kitope watamaliza mapema, tena watakuwa wa kwanza nchini. Alimwomba Mungu amsamehe, kisha akaenda kununua mkate.

Asubuhi redio ilitangaza kwamba Mfumo wa Mlinzi Maji umekamilika. Ngoma zilipigwa. Wazee wa bwawani walishukuriwa na kurudishwa makwao, na magurudumu yao ya chuma yalikatwa yakapelekwa makumbusho. Siku ya Mwono Mbali, mbele ya taifa, milango ingekabidhiwa rasmi kwa programu, na kabla ya hapo kilichobaki ni mvua kuanza.

Mvua zikaanza.

*

Mbaruku alimpigia dada yake Jumapili mchana, kwa simu yake mwenyewe. Sikudhani alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za Kitope?"

"Nzuri."

"Mvua?"

"Inanyesha, tunamshukuru Mungu."

"Unakula?"

"Nakula dada, wali mpaka basi."

"Na kifua?"

"Kimetulia."

Sikudhani aliweka kisu mezani. Aliuliza taratibu, kama alivyofundishwa, kama alivyomfundisha na yeye.

"Na kazi?"

"Kazi nzuri. Ila dada, king'ora hakijawahi kulia."

"Hakijawahi vipi? Redio imesema kimekamilika."

"Kimekamilika redioni. Sisi huku tumeandika kwamba mlango ukitaka kufunguka, Ngomeni watatuma ishara na king'ora kilie. Ishara yenyewe wanaituma namna gani, hatujui. Tukiuliza tunakatwa. Na mama Tunu naye hajui tunaipokea vipi. Ni kama watu wawili wanaochimba kisima kimoja, mmoja huku, mmoja kijiji cha pili."

"Na ule mlango wa tatu?"

"Sijui. Tangu Waraka sijaisikia sauti ya mama Tunu. Kila asubuhi skrini inaniambia Ngomeni salama. Nami nadhani yeye anaambiwa Kitope salama."

"Ondoka huko. Ondoka leo."

"Niende wapi? Kituo kilichotabiriwa kuwa cha kwanza hakiachwi, barabara yote ina vizuizi. Tena dada, watu wa hapa wameacha kuutazama mto. Zamani mvua zikianza walikuwa wanakesha kwa zamu. Sasa wanasema, vijana wametuwekea king'ora, tulale. Nikiwaambia hakilii, wanacheka. Wanasema redio haiwezi kuongopa jambo kubwa namna hiyo." Akakohoa. "Shuleni kuna rimu ya lori imening'inizwa mtini, ndiyo kengele yao. Nimehamia chumba cha karibu. Nikisikia maji, nitaigonga."

"Mbaruku."

"Naam dada."

"Ule utabiri niliuandika mimi."

"Najua. Ulitaka nisipelekwe jangwani." Sauti yake haikubadilika hata kidogo. "Ningekuwa wewe ningeandika hivyo hivyo. Kula viazi vyako dada, visipoe."

*

Kesho yake Sikudhani alimkuta Waziri mbele ya kioo anafanya mazoezi ya kupungia umati. Mkurugenzi Feruzi alikuwa amesimama pembeni, ameshika kofia yake.

"Mheshimiwa, nimekuja kupunguza utabiri wa Kitope."

Mkono wa Waziri ulibaki hewani. "Kupunguza? Mama, utabiri ukishatoka redioni si utabiri tena. Ni historia iliyowahi kufika. Unanitaka nifute historia?"

"Nataka mjaribu, mara moja tu, kabla ya kuikabidhi milango. Fungueni mlango mmoja kidogo, msikilize kama king'ora kinalia."

"Mtu hujaribu anachokitilia shaka. Mimi nina shaka?" Akamgeukia Feruzi. "Mkurugenzi, tuna shaka?"

"Hatuna, Mheshimiwa."

"Hatuna. Na nani amekwambia habari hizi? Maana Waraka hauruhusu kituo kunong'ona."

Sikudhani hakutaka kumtaja mdogo wake. Kisha jambo likampitia kichwani ghafla, na lilikuwa jambo baya ambalo siku ile lilionekana zuri. Jangwani hakuna mto. Jangwani mtu hukohoa, hukonda, lakini hapelekwi na maji. Alivuta pumzi.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Mbaruku wa Kitope. Amevunja Waraka kwa makusudi, amenipigia simu, ameitukana serikali. Ni mpotoshaji mkubwa. Mkamateni. Mkamateni leo hii, mheshimiwa, mpelekeni jangwani na timu yake yote."

Waziri alimkodolea macho, halafu akacheka mpaka akashika kiuno.

"Tumkamate mtu wa timu ya kwanza nchini! Dunia itasema nini? Itasema tulikosea kutabiri. Hapana mama. Yule kijana hagusiki. Anayo kinga ya utabiri, na hiyo," alimgusa bega kwa pongezi, "umempa wewe mwenyewe."

Sikudhani alipiga magoti. Haikusaidia kitu. Walinzi walimtoa taratibu, kwa heshima zote, na mmoja akamwokotea kiatu chake kilichobaki zuliani.

*

Siku ya Mwono Mbali uwanja ulijaa watu na miavuli. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na hali ya hewa ilikuwa imetabiriwa jua, kwa hiyo wageni rasmi waliokuwa jukwaani walikatazwa kufungua miavuli yao, wakakaa wanalowa huku wanatabasamu. Skrini kubwa iliandika kwa herufi za kijani: NGOMENI SALAMA. Chini yake: KITOPE SALAMA. Waziri alihutubia mambo marefu kuhusu karne na upeo, akabonyeza kitufe, na umati ukalipuka kwa vigelegele.

Sikudhani alikuwa nyuma ya jukwaa na simu sikioni. Iliita, ikaita. Akapiga tena, ikaita. Mara ya tatu sauti ya kike, tulivu kabisa, ilimwambia kwamba mteja wake hapatikani kwa sasa. Aliinua macho kwenye skrini. KITOPE SALAMA. Alipiga kelele, lakini bendi ya polisi ilikuwa imeanza, na waliomwona walidhani anashangilia.

*

Wiki ile tija ya Kitope ilipanda kupita rekodi zote. Timu haikuuliza swali hata moja. Hakuna aliyeomba ruhusa wala aliyeugua, na umeme wa kituo haukutumika kabisa. Kila asubuhi jibu lilikuja bila kuchelewa. Wizara ilitoa tamko la kuwapongeza na kuzitaka timu nyingine ziige ukimya wao. Sikudhani aliomba watumwe watu wakatazame. Alijibiwa kwamba timu iliyo kileleni haisumbuliwi.

Akaenda mwenyewe. Lori la saruji lilimfikisha mpaka barabara ilipoishia, na ilikuwa imeishia mbali kabla ya mahali pake. Akatembea kwa miguu juu ya kilima, na alipofika ukingoni akatazama chini. Bonde lilikuwa tope tupu, rangi moja, kutoka upande huu hadi ule. Halikuwa na paa, halikuwa na mpunga. Katikati ulisimama mlingoti wa chuma, na juu yake taa ya kijani ilikuwa inawaka na kuzima kwa utulivu.

Watu walionusurika walikuwa wamejibanza kilimani chini ya maturubai. Kati yao mwanamke mnene mwenye koti la baridi la mlimani aliinuka akamjia.

"Umefikaje dada?" aliuliza, na Sikudhani akaitambua ile sauti nzito kabla ya kuutambua uso, kwa kuwa uso hakuwahi kuuona.

"Nimefika salama, mama Tunu. Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Wako mlimani, nimewaacha na bibi yao."

"Na wewe, u mzima?"

"Mzima mimi."

"Na kazi?"

Tunu alitazama bondeni. "Kazi nzuri," alisema. "Ila mlango wa tatu, dada. Mvua zilipozidi niliacha kituo nikateremka kwa miguu, nije kumwambia Mbaruku kwa mdomo wangu. Simu zetu walishazichukua. Nilitembea usiku na mchana. Nilikuwa hapa juu, napaona shuleni kabisa, maji ya ule mlango yalipoanza kushuka."

"King'ora kilisemaje?"

"Hakikusema kitu. Iliyosema ni rimu. Waulize hawa, wote waliopona wamepona kwa ile rimu. Iligongwa, ikagongwa, watu wakatoka majumbani wanakimbilia huku. Mimi nilikuwa napiga kelele, toka mwanangu, toka sasa, inatosha. Aliendelea kugonga." Alijifuta uso kwa koti. "Halafu ikanyamaza."

Wakashikana pale juu ya kilima, wakalia kwa sauti, na hakukuwa na mtu wa kuwakata tija.

*

Sikudhani alirudi Mji Mkuu. Alikabidhiwa medali ya Kitope kwa niaba ya washindi ambao, Waziri alieleza, wamezama mno kazini kuweza kuhudhuria. Ukumbi ulipiga makofi. Jioni alikuta agizo mezani: atabiri tija ya Kitope ya mwaka ujao, na isipungue ya mwaka huu.

Alivaa vipaza sauti vyake. Hakuandika utabiri. Alifungua njia ya Kitope, akaandika salamu kwa vidole, polepole, ile ya zamani.

*Kitope, mmeamkaje?*

*Salama.*

*Habari za huko?*

*Salama.*

*Mvua?*

*Salama.*

*Na kifua?*

*Salama.*

*Na Mbaruku?*

*Salama.*

Akangoja. Alijua anaongea na kisanduku, hakuwa amerukwa na akili. Lakini alikuwa ameuliza vizuri, hakuwa na haraka, na maisha yake yote mtu akiulizwa hivyo humalizia. Alingoja mpaka skrini ikamwonya kwamba amepiga kelele na kwamba amekatwa.

Mkurugenzi Feruzi alikuwa anapita kwenye korido. Alipofika mlangoni alimwona Sikudhani, na macho ya Sikudhani, akasimama.

"Habari, Bi Sikudhani?"

"Salama," alijibu.

Feruzi hakuondoka mara moja. Alikaa pale mlangoni kama mtu aliyelelewa vizuri, mdomo umefunguka nusu, na Sikudhani akaigeuza shingo yake kumtazama, akalishika lile neno tayari nyuma ya meno. Alikuwa nalo. Alichohitaji ni swali moja tu. Feruzi aliinua macho akauona Waraka ukutani, ndani ya fremu yake nzuri. Akafunga mdomo, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake, na juu ya mlango taa ya kijani ya Kiitikio cha ofisi ikawaka kusema kwamba chumba hiki ni salama.